Nilimtuma mtani amwigize marehemu mume wangu kwenye katuni, mwanangu hajanisamehe

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu wa imani nyingine, salaam. Jina langu admin libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Nachingwea, niliishia darasa la saba, nalima korosho na mbaazi. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, binti, hapa nitamwita Editha ingawa siyo jina lake. Huyo ndiye niliyemkosea.

Editha anachora katuni, zile zinazotembea na kuongea, kwenye studio moja ya Dar. Katuni yao ya kwanza ilikuwa ya mzee anayeitwa Babu, analinda shamba lake la mahindi kule Kilimarondo, anagombana na nguruwe pori na ngedere kama mtu anavyogombana na majirani. Yule mzee alikuwa baba yake mtupu, kofia yake, kikohozi chake, kila kitu. Hata sauti ilikuwa ya baba yake mwenyewe. Editha alikuja likizo akamfungia chumbani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mzee anatoka jasho anasema, "Binti, unanirekodi au unanichemsha?" Watoto waliipenda jamani! Kuanzia hapa, Mtua, mpaka Ruangwa, ukimkaripia mtoto anakujibu kwa sauti ya mume wangu.

Alipofariki, studio wakataka sehemu ya pili. Editha hakutaka. Alikuwa na hadithi yake mpya aliyoichora kwenye madaftari kwa miaka miwili, ya msichana aliyeamka asubuhi akakuta mto wa kijiji chao umehama, akaufuata kwenda kuuomba urudi. Aliwahi kunisimulia tukibangua korosho, mikono yangu ikasimama yenyewe. Bosi wake akamwambia, "Huo mto nani anaujua? Mzazi anamwekea mtoto kile mtoto anachokililia. Wanamlilia Babu." Mwanangu akamjibu, "Na Babu kabla hatujamchora, nani alikuwa anamjua?" Wakabishana wiki nzima. Mwisho bosi akakubali ya mto, kwa sababu moja tu: mwenye sauti ameshafariki na hakuna wa kuipata tena. Editha alinipigia simu kwa furaha akanieleza yote hayo. Nilimpongeza. Nilipokata simu, kilichobaki kichwani kwangu ni hilo la sauti.

Sasa niwaeleze wasiojua. Huku kwetu mtu akifa, watani wanakuja msibani kumwigiza marehemu, anavyotembea, anavyoongea, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Mtani wa mume wangu anatoka Chinongwe. Siku ya msiba alivaa koti la marehemu, akakohoa kama yeye, akanigeukia, "Mama Editha, chai gani hii haina majani? Au majani nayo yamefariki?" Nilicheka na machozi yananitoka, maana ilikuwa sauti yenyewe. Lakini matanga yakishavunjwa, mtani haigizi tena. Ndivyo tulivyokuta.

Mimi nilipanda bodaboda hadi Chinongwe. Nilimkuta anapalilia ufuta. "Shemeji! Marehemu ndiye amekutuma? Mwambie nimestaafu." Nilipomweleza, utani ukamwisha. "Shemeji, matanga tulishavunja." Nikamwambia, "Mimi ndiye mfiwa, na mimi nakuruhusu. Ni kwa ajili ya kazi ya mtoto." Akasugua jembe kwa majani muda mrefu, halafu akaongea kwenye simu yangu kwa sauti ya mume wangu. Namba ya bosi nilikuwa nayo tangu alipopiga kunipa pole. Nikamtumia.

Wiki ile ile hadithi ya mto ikawekwa pembeni, mtani akaitwa Dar kurekodi sehemu ya pili. Editha alikuja mpaka nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti. "Mama, sauti ya baba kutokuwepo ndiyo ilikuwa nafasi yangu pekee. Nilikueleza kwa mdomo wangu." Nikasema nilitaka kumsaidia. "Baba nilimzika mara moja. Sasa kila siku namchora anakula, anacheka, na anayecheka siyo yeye. Usinisaidie tena, mama." Akaacha yale madaftari mezani, akasema nikawashie moto jikoni. Sijayachoma. Nayafungua nayafunga.

Nimekwenda kuungama, nikamwambia padri nimemkosea mtoto. Sikumwambia yote. Ninyi nawaambia: sikwenda Chinongwe kwa ajili ya mtoto peke yake. Nilitaka kuisikia ile sauti. Sehemu ya pili imetoka, naiweka kwenye simu nafumba macho, na Babu anapomwita mkewe kutoka shambani, huwa naitika.

Sasa wanataka sehemu ya tatu. Mtani alikuja juzi, mnyonge, hana hata neno la kunichokoza. "Shemeji, mke wangu ananiambia hata usingizini nakohoa kikohozi cha marehemu. Wewe ndiye uliyenifungulia, wewe ndiye wa kunifunga. Ukisema basi, siendi Dar." Nilimpigia Editha kumuuliza. Akasema, "Fanya unavyotaka mama. Ukimzuia wanatufungia studio, vijana wote tunarudi nyumbani. Usipomzuia naendelea kumchora baba. Ile ya mto siichori tena hata wakiniomba, imeshanitoka." Akakata. Ni mara ya kwanza tumeongea tangu Pasaka.

Mtani anasafiri Jumatatu na anasubiri neno langu. Nimesali rozari mpaka nimechoka kusikia sauti yangu. Ninyi mliosoma, na ninyi mliozika wenzi wenu, niambieni nimjibu nini. Na mkiniambia nimzuie, mnifundishe na namna ya kulitamka hilo neno, maana mimi bado naitaka ile sauti.