Ng'ombe wa Kaka Yake

Siku ya shauri la matunzo ya mtoto, mzazi mwenzangu alikuja mahakamani na ndala za rangi mbili, mguu mmoja bluu, mwingine nyekundu. Mwanaume niliyeishi naye miaka tisa, ambaye hata zizini alikuwa anaingia na viatu vya ngozi! Shati alilovaa nililitambua mara moja. Lilikuwa la lile sanamu la kutishia ndege kwenye shamba la mtama, na kifungo cha juu nilikishona mimi mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa amekwenda shambani kumvua sanamu nguo ili aje kumdanganya hakimu.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, binti yetu akae hosteli. Shule yake ya sekondari iko mbali na kijiji. Anatoka saa kumi alfajiri, anakatisha porini peke yake, na jioni anarudi giza limeshaingia. Ada hakuna, lakini hosteli ina gharama zake. Nafuga kuku wa kienyeji na nalima alizeti ekari moja na nusu. Ninachopata kinatosha unga, daftari na sabuni, basi.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sauti. Alituuliza wote wawili, maana sheria inaangalia uwezo wa baba na wa mama. Nilimtajia kuku wangu wote, mpaka wanaoatamia. Zamu ya mwenzangu ilipofika, akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa, mimi sina kitu. Naishi kwa kaka yangu."

"Na ng'ombe anaowasema mama huyu?"

"Ni wa kaka, mheshimiwa. Mimi nasaidia kuchunga tu."

Kwetu huku kumwekea ndugu ng'ombe ni jambo la kawaida. Unampa huyu wanne, yule sita, ili ugonjwa ukiingia usikumalize wote kwa mkupuo. Yeye anakamua maziwa, ng'ombe wanabaki wako, na hakuna karatasi. Ni mila nzuri ya watu wanaoaminiana. Mwenzangu aliigeuza maficho. Mwezi ule ule aliopokea wito wa mahakama, alihamisha ng'ombe wote thelathini na mmoja kwa kaka yake. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kuuliza kijijini, hakupata mtu wa kumwambia kitu. Nani aseme, wakati kila mtu ana ng'ombe wa mwenzake zizini?

Kaka mtu naye akaapa bila kupepesa macho. Ng'ombe wote wake.

Hakimu hakubishana nao. Alimgeukia mwenzangu.

"Unachunga siku ngapi kwa wiki?"

"Zote, mheshimiwa."

"Na shamba la kaka analima nani?"

"Mimi, kwa plau."

"Unaumwa?"

"Hapana, niko imara." Hapo akatoa kifua, mjinga yule, akisahau shati alilovaa.

"Mtu imara anayechunga ng'ombe thelathini na kulima, huko kwenu analipwaje?"

Akamtazama kaka yake. Kaka akatazama dari. Hakimu akaeleza taratibu kwamba mahakama haiangalii tu kilichomo mfukoni, inaangalia na anachoweza kupata mtu mwenye afya na kazi. Kama ameamua kumfanyia kaka yake kazi bure, mtoto asibebeshwe uamuzi huo. Basi akamkadiria ujira wa mchunga ng'ombe pamoja na wa kibarua wa shamba, akatoa humo fungu la mtoto. Kilikuwa kiasi cha chakula na viatu. Hosteli hakikufika. Wangehesabiwa wale ng'ombe, mtoto angelala shuleni mpaka kidato cha nne.

Yeye alitoka anacheka. Mwanaume mzima anafurahi kupimwa kama kibarua! Nilimdharau siku ile kuliko siku aliyonifukuza.

Baada ya mavuno akaja kwetu, na viatu vya ngozi miguuni. Kaka yake alikuwa ameuza ng'ombe sita kumlipia mwanawe mahari. Alipomuuliza, kaka akamjibu, "Si uliapa mwenyewe kwamba ni wangu? Nakala ya hukumu ninayo, ina muhuri." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sioni aibu kulisema.

"Mama mtoto," akasema, "wewe wale ng'ombe unawajua. Umewakamua. Njoo useme mbele ya wazee wa ukoo kwamba ni wangu."

Kweli nilikuwa nawajua, kwa rangi na kwa pembe. Nikaacha kucheka, nikamfikiria binti yangu.

"Nitakuja," nikamwambia, "na nitasema kweli tupu. Lakini tuanzie kwa hakimu. Ukamwambie ulidanganya, akadirie upya, ng'ombe wakiwemo. Muhula ujao mtoto aingie hosteli."

Niliona vidole vyake vikihesabu juu ya goti.

"Hiyo ya kukadiria upya, nitailipa mpaka lini?"

"Mpaka afike miaka kumi na minane."

Akahesabu tena. Kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye suruali.

"Basi," akasema. "Bora kaka awale."

Akapanda pikipiki akaondoka. Binti yetu alikuwa ametoka jikoni na bakuli la uji aliomtengea baba yake. Alisimama nalo katikati ya ua mpaka mlio wa pikipiki ukaisha. Halafu akakaa kwenye kigoda akaunywa wote, harakaharaka, maana alikuwa bado hajafua sare, na kesho saa kumi alikuwa na safari.