Mvua Tuliyoiona Tumboni mwa Mbuzi

Mtu akiniuliza siku hizi kama jua la mwaka huu litakuwa kali, namwambia akaulize redio. Mimi mambo ya kutabiri mvua niliyaacha zamani, na si kwamba sikuyajua. Niliyajua sana. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na waasi wa msituni, nilikuwa nayasoma kwa mikono yangu miwili, tumboni mwa mbuzi, na Mungu ni shahidi sikupata faida hata kidogo.

Mume wangu alikuwa na bucha hapa Majengo, mjini Meru. Yeye alichinja na kuuza nyama, mimi niliosha matumbo na kuyauza uani. Kazi ya kunuka, ndiyo, na wale waliokuwa wakiziba pua mchana wakipita ndio hao hao waliotuma watoto jioni na mabakuli. Mbuzi wetu wengi walitoka chini, tambarare za Embu, upande wa Ishiara. Waliletwa kwa lori. Ukipasua tumbo la mbuzi aliyeshushwa jana, unaona alichokula kwao. Ukikuta majani mabichi, kwao kumenyesha. Ukikuta maganda makavu ya migunga na vijiti, kwao wanateketea. Sikufundishwa na mtu. Oshea watu matumbo mwaka mzima uone kama hutajua.

Kabla ya hapo hatukuhitaji kuchungulia tumboni. Wachuuzi wa mifugo walikaa uani kwangu wakanywa chai, wakatupa habari zote, nani ameoa, nani amehama, mto gani umekauka. Hali ya Hatari ilipoingia wakafunga midomo. Ukimuuliza mtu habari za kwao anakukodolea macho, anaona unataka kumchongea. Wanashusha mbuzi, wanaondoka. Huku kwetu mlimani ukungu ukishuka na migomba ikilowa, unajua mvua ipo. Lakini mlima haukwambii kitu kuhusu tambarare. Huku kunaweza kunyesha wiki nzima na kule chini vumbi tupu.

Nilikuwa na mpangaji katika chumba cha nyuma, mwanamke wa huko huko chini, karibu rika langu. Alikuja Meru kumuuguza mumewe hospitalini. Mume akafa, akazikwa, na alipotaka kurudi kwao akaambiwa hakuna kutoka bila pasi ya kusafiri, na pasi hapewi. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa mama yake. Mkubwa alikuwa anachunga mbuzi, mdogo ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Kila alipokwenda ofisini karani alimwambia jambo lile lile: "Lete ushahidi kwamba una kwenu huko. Tutajuaje kama huendi msituni kupeleka chakula?" Ushahidi gani? Kwao hakuna karatasi, kuna watu, na watu hawaruhusiwi kuja.

Basi akawa ananisaidia kuosha matumbo. Sikumwomba. Aliketi tu kwenye kigogo, akapokea tumbo la kwanza, akalipasua na kuinama. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekosekana, na kiangazi kile kilikuwa kikali. Kila siku maganda, kila siku vijiti, siku nyingine gome la mti. Anaosha tu. Nikimwambia, "Pole, shoga," ananijibu, "Labda kesho."

Siku moja gari la serikali lenye kipaza sauti lilipita likitangaza hali ya hewa. Kati ya tangazo la kafyu na tangazo la kuwafichua waasi tukaambiwa kwamba kiangazi kinaelekea mwisho, masika yatakuwa mazuri mlimani, na tambarare zitapata mvua ya kawaida. Mwenzangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Ya kawaida! Dada, kawaida ya kwetu ni kutonyesha!" Nikacheka naye. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka vile.

Halafu siku ikafika. Alipasua tumbo, na kilichomwagika kilikuwa kijani kibichi. Alipiga kigelegele hadi mume wangu akatoka buchani na kisu mkononi. "Mna wazimu? Mnataka askari waje?" Lakini nani angemnyamazisha? Alikuwa ameyashika yale majani ya mbuzi, mikono imelowa hadi viwiko, ananusa. "Kumenyesha, shemeji! Kwetu kumenyesha!"

Nikamwambia, "Alhamdulillahi, basi watoto watashiba."

Akatikisa kichwa. Mimi mtu wa mjini, akanieleza. Mvua ikinyesha ndiyo njaa inakaza, kwa sababu akiba imeisha na mtama ndiyo kwanza unapandwa. Ila mbuzi wakila majani mabichi maziwa yanarudi, na maziwa hayo ndiyo yanawavusha watoto mpaka mavuno. "Sasa watavumilia ugumu kidogo tu," akasema. "Mama ana majike wanne wa maziwa."

Akaenda kuchukua vichwa tuvibabue kwa supu. Akakawia. Alirudi amebeba kichwa kimoja, amekishika sikio.

"Dada, huyu ni wa kwetu."

"Wenu vipi? Mbuzi ni mbuzi."

Akanionyesha sikio. Ncha ilikuwa imekatwa, na ukingoni kulikuwa na mikato miwili ya zamani. Alisema ndiyo alama ya nyumba yao, babu yake alikata hivyo, na nyumba nyingine haikati hivyo. Akakimbilia zizini. Walikuwa wamebaki majike watatu, masikio ni yale yale, viwele vimejaa vinadondosha.

"Mama hawezi kuuza jike la maziwa majani yakiota," akasema. "Hata umpige."

Mume wangu akainamisha kichwa. Alikuwa anajua jinsi walivyopatikana. Akasema polepole kwamba mbuzi wale amewanunua kwenye mnada wa serikali. Ni faini. Watu wa kijiji kimoja kule chini walituhumiwa kuwalisha watu wa msituni, basi wakanyang'anywa mifugo yote, hakuachwa hata mmoja. Mimi nilimrukia kwa maneno ambayo hapa siyarudii. Lakini yeye angejuaje ni kijiji kipi? Na mbuzi alishachinjwa.

Mwenzangu hakulia. Alichukua kisu akalikata lile sikio, akalifunga kwenye jani la mgomba. "Si wanataka ushahidi? Huu hapa. Kila mtu kwetu ataisoma alama hii. Wataona nina kwetu, wataona nina mama na watoto hawana maziwa. Watanipa pasi."

Tulikwenda wote wawili. Karani alilifungua lile jani, akageuza sikio huku na huku.

"Alama hii ni ya kwenu? Una hakika?"

"Haki ya Mungu ni ya kwetu."

"Ya mama yako mzazi?"

"Ya mama yangu aliyenizaa."

Karani akaita askari. "Huyu ni wa wale waliolisha msitu. Amekiri mwenyewe." Nilipiga kelele, nikamwambia hana haya, nikamwambia huyu ni mama anayetafuta watoto wake. Akaniambia, "Wewe mama wa matumbo, nenda kauze matumbo yako kabla sijakuweka ndani naye." Nilikwenda. Wallahi mpaka leo nikimkumbuka yule karani mate yananiwia machungu mdomoni.

Walimpeleka kambini, na kutoka kambini wakampeleka kuchimba barabara, tena huko huko tambarare. Alirudi kwangu baada ya mavuno kuchukua vitu vyake, mikono imekuwa migumu, nywele zimenyolewa. Nilimpikia. Hakula. Nikamuuliza kama kweli mvua ilinyesha.

"Ilinyesha vizuri, dada," akasema. "Tulichimba katika tope siku zote, na kutoka pale barabarani nilikuwa naliona paa la mama. Mtama ulizaa mwaka huu kuliko miaka yote. Mkubwa yuko, anakula. Mdogo alikufa mtama ukiwa bado unachanua."