Rangi ya Mifupa ya Lambros

Polixeni alingoja miaka mitano ili mume wake atoke kaburini akiwa mweusi.

Kijijini kwetu, milimani juu ya Ioannina, maiti hakai ardhini daima. Makaburi yamebanana, na isitoshe watu wanataka kujua. Mwaka wa tano wanamfukua. Mjane anaiosha mifupa kwa mvinyo mwekundu, inaanikwa juani juu ya shuka jeupe, kisha inatiwa kwenye kasha la bati na kupangwa na mingine katika chumba nyuma ya kanisa. Ikitoka ya njano kama nta, marehemu alikuwa mtu mwema na amepumzika. Ikitoka myeusi, ana kesi ya kujibu. Padri Fotis huwaambia kila mara kwamba hayo si mafundisho ya Kanisa. Wanaitikia, "Ndiyo, Baba," huku shingo wamezinyoosha kuelekea shimoni.

Lambros alikuwa mpigaji klarineti. Sherehe zetu za Agosti haziwezi kuanza kwa ngoma. Kwanza klarineti inalia peke yake, maombolezo kwa ajili ya waliotutoka, na watu husimama kimya hata vijana waliokwisha kulewa. Maombolezo aliyotunga Lambros yanapigwa leo kutoka hapa hadi mpaka wa Albania, na yanaitwa kwa jina lake. Mimi niliyasikia kwanza kwenye kaseti, katika mji mwingine na kati ya watu wa lugha nyingine, nikapanda basi. Nilikusudia kukaa wiki mbili. Nikapanga chumba cha juu nyumbani kwa Polixeni, na sijaondoka.

Jinsi wimbo ulivyozaliwa nilielezwa na Polixeni, akiwa anakanda unga. Januari ya mwaka wa sitini na moja mtoto wao Areti, wa miaka miwili, alishikwa na homa. Daktari alikuwa bondeni, mwendo wa saa nne kwa nyumbu, na theluji ilikuwa imefika magotini. Lambros alikuwa anafunga vyombo vya bendi juu ya nyumbu wao wa pekee, kwenda kupiga harusini kijiji cha pili.

"Nilimwambia, niachie nyumbu. Akaniambia, nyumbu ameshaahidiwa watu."

Aliporudi siku ya tatu, alimkuta mkewe ameketi sakafuni na mtoto mapajani, anamwimbia kama wanawake wa hapa wanavyowaimbia maiti wao, maneno yakija yenyewe. Lambros alisimama mlangoni na theluji mabegani.

"Nilidhani analia," Polixeni aliniambia. "Alikuwa anasikiliza."

Majira ya kuchipua yalipofika alianza kuutafuta ule wimbo kwenye klarineti, jioni baada ya jioni, na kila mara aliteleza mahali pale pale. Siku moja Polixeni akamwambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye unga, "Hapo haishuki. Inapanda." Lambros aliiweka klarineti chini taratibu, kwa sababu alikuwa mwangalifu na vyombo. Akamshika mkewe mkono wa kushoto, akautia kwenye droo ya meza, akaisukuma droo kwa nyonga. Vidole viwili havikukunjika tena.

"Kesho yake akapiga, ikapanda," alisema Polixeni. "Nilikuwa sahihi kuhusu ile sauti."

Agosti ile uwanja mzima ulilia. Polixeni naye alilia. Hakunificha kwamba Lambros aliupiga vizuri kuliko yeye alivyouimba. Kwake hilo halikuwa fumbo. "Klarineti yake sina ugomvi nayo," alikuwa akisema. "Ugomvi wangu ni na yeye." Sentensi mbili, fupi, zenye akili kuliko nyingi nilizosikia vyuoni. Lakini kijiji hakikuweza kuzishika zote mbili kwa pamoja. Akisema ya kwanza wanatikisa vichwa kwa furaha, akisema ya pili wanatazama viatu. Katika lugha yao kuna neno la kupiga ala na neno jingine kabisa la kupiga mtu, na nadhani hilo liliwarahisishia. Waliyaweka kwenye vyumba mbalimbali na kufunga mlango. Sisi wa Kiswahili neno tunalo moja. Sijaona kwamba limetusaidia sana.

Na sina ubora wowote wa kujivunia. Nilipoandika kijitabu changu juu ya wimbo ule, nilieleza kwa kurasa mbili jinsi unavyopanda mahali ambapo sikio linangoja ushuke, na jinsi hapo ndipo unapochoma. Droo sikuiandika. Nilijiambia kwamba kijitabu ni cha muziki.

Mwezi wa Mei, mwaka wa tano tangu Lambros afe, alikuja Apostolis, mwenyekiti wa kijiji, na kilo mbili za kahawa kifuani.

"Mama Polixeni, sanamu ya marumaru imefika. Wamemchonga mpaka masharubu. Tunamweka pale uwanjani, na mifupa yake chini. Pembeni kutakuwa na kitufe. Mgeni akibonyeza, wimbo unalia."

"Na mimi nibonyezwe wapi?"

"Mama, utani tuuache. Nimekuja kuomba. Mjane ndiye anayeosha. Bila wewe hatumtoi."

"Nitamwosha. Lini?"

Apostolis alikuwa amejiandaa kubembeleza mpaka Juni. Akabaki ameshika kahawa kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Siku yoyote," akasema Polixeni. "Lakini waje wote. Asibaki mtu nyumbani. Hiyo kahawa iache."

Alipoondoka, nilimuuliza kwa nini amekubali upesi hivyo.

"Mimi nimesema kwa mdomo wangu miaka arobaini, wamenisikia kama mvua. Sasa atasema mwenyewe. Mifupa haina mke wala dada wa kuisemea."

Dada alikuwepo. Kaliroi, mdogo wake Lambros, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Jumapili iliyofuata alimsubiri Polixeni kwenye ngazi za kanisa, mbele ya wanawake wote.

"Nasikia umekubali, wifi. Mungu amekulainisha."

"Andaa mvinyo mwingi. Weusi hautoki kwa kikombe kimoja."

"Weusi wa nani? Kaka yangu alikuwa na mikono ya dhahabu."

"Mikono yake naijua, wifi. Mimi alinishika mara nyingi kuliko alivyoshika klarineti."

"Wanaume wote wana hasira zao. Wangu alinipiga maisha mazima, na hakujua kupiga hata filimbi."

Wanawake wakacheka. Polixeni pia alicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Basi tuwekeane dau. Ikitoka ya njano, nitasimama siku ya sherehe niseme kwamba nilimsingizia. Ikitoka myeusi, utasimama wewe, useme nilichofanyiwa. Chote. Na nyumbu umtaje."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kitufe chao."

Kaliroi alijitemea kifuani mara tatu kufukuza husuda, kisha akasema, "Nimekubali." Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kitabu cha daktari mmoja kuhusu mifupa na udongo, nikajua hili jambo si la kuwekeana dau. Sikusema kitu. Niliona uso wa Polixeni. Ulikuwa wa mtu ambaye hatimaye amepewa tarehe ya kesi yake.

Walimfukua Jumamosi ya pili ya Juni, asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa juu pale makaburini, hata wazee waliobebwa pamoja na viti vyao. Wanaume wawili walichimba kwa koleo, kisha kwa mikono. Polixeni alipiga magoti ukingoni, beseni upande mmoja, chupa za Kaliroi upande wa pili. Zikatoka mbao zilizooza, kifungo cha koti, soli ya kiatu. Kisha mmoja wa wachimbaji akainua fuvu, akalipangusa udongo kwa mkono wa shati lake.

Lilikuwa la njano. Si njano ya kubahatisha, ambayo watu wangebishania mkahawani. Ilikuwa njano ya mshumaa mpya wa Pasaka, safi, inayong'aa kidogo palipoguswa na jua. Padri Fotis, ambaye hakuamini mambo haya, ndiye aliyetangulia kufanya ishara ya msalaba. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke nyuma yangu akanong'ona kwamba hata mifupa ya askofu haikutoka hivyo.

Kaliroi hakumcheka wifi yake. Hilo lingekuwa afadhali. Alichuchumaa kando yake na kuanza kumimina mvinyo, kwa upole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Polixeni aliosha fuvu, aliosha mbavu, aliosha miguu, akavipanga kwenye shuka. Alipofika kwenye mikono, vile vifupa vidogo vidogo, aliomba mvinyo zaidi. Alivisugua kimoja kimoja kwa dole gumba, akakigeuza, akakisugua tena, kama mtu anayetafuta masizi kwenye sufuria ya jirani. Kila kimoja kilitoka kizuri kuliko kilichotangulia.

"Basi, wifi," Kaliroi alisema. "Utavimaliza."

Nilimfuata nyumbani. Alikaa mezani na shela yake bado inanuka mvinyo. Ndipo nikafungua mdomo, nilipokuwa nimechelewa mwezi mzima.

"Bibi Polixeni, ni udongo tu. Kule juu ni mchanga, maji hayasimami. Kwenye udongo mzito wa bondeni hata malaika angetoka mweusi. Rangi haisemi kitu."

"Areti alilala hatua nne kutoka pale."

Hilo nilikuwa silijui.

"Tulimtoa mwaka wa sitini na sita," aliendelea. "Alitoka mweusi. Mdogo vile, vifupa vyote vilijaa kwenye taulo. Walisema mtoto hana dhambi zake, basi ni za mama. Nikawaambia ngojeni. Ngojeni mtakapomtoa baba yake."

Baadaye niliwaza juu ya kivuli cha mvinje, mizizi, sanduku la mbao mbichi, yote yanayoweza kuitia mifupa weusi. Ningeweza kumwambia hayo, na angenisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza padri. Lakini Polixeni hakuwa mtu wa kuamini mifupa siku inapompendelea na kuikana siku inapomgeuka. Alikuwa mwaminifu kuliko hivyo, na hilo ndilo lililommaliza.

Aliuweka mkono wa kushoto mezani, akautazama.

"Droo ile ilikuwa inakwama," alisema. "Unajua? Mbao zilikuwa zimevimba. Labda alikuwa anataka kuifunga tu."

"Uliniambia aliisukuma kwa nyonga."

"Nilikuambia, ndiyo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimezika mtoto. Mtu katika hali ile anaona mengi."

"Bibi, na nyumbu?"

Aliuondoa mkono mezani.

"Nyumbu alikuwa ameshaahidiwa watu," akasema.

Sherehe ilifanyika Agosti kama kawaida. Uwanja ulijaa, wengi wamekuja kutoka Athens na Ujerumani na watoto wasiojua lugha. Kitambaa kilivutwa, na Lambros akaonekana, marumaru nyeupe, masharubu na yote, macho ameyafumba kama alivyokuwa akiyafumba anapopiga. Apostolis alisema kwamba msanii mkubwa huacha duniani yaliyo bora kwake. Kisha akampa Polixeni maikrofoni. Nilitumaini ataitupa. Nilitumaini, nakiri, kwa namna ya mtu ambaye yeye mwenyewe hatatakiwa kuitupa. Sikuwa nimesimama mbali, na sauti ninayo.

"Nilisema mengi kuhusu mume wangu," Polixeni alisema. "Mifupa mmeiona. Nisameheni."

Walimpigia makofi. Hayakuwa makofi ya kumzomea. Yalikuwa ya mapenzi, na wengine walilia. Kaliroi alimbusu mashavu yote mawili.

"Yamekwisha, wifi. Umejitua mzigo."

"Nimejitua," alisema Polixeni.

Kijana mmoja wa bendi akapiga maombolezo, na Polixeni akalia kama alivyolia kila Agosti kwa miaka arobaini, mahali pale pale, sauti inapopanda. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu alidhani anajua anamlilia nani. Wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga nyumba yake walimpitishia leso zao. Siku zilizofuata walimletea mikate ya mboga, jibini, mayai. Walikuwa wamemsamehe kweli, wala hawakumdai kitu.

Maombolezo yalipokwisha, ngoma ya kwanza akapewa yeye, kwa heshima. Anayeongoza mduara hushika leso kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia humshika anayemfuata. Polixeni alichukua leso, akaanza, hatua mbili, tatu, na leso ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena, kwa sababu vidole havikukunjika. Bendi ilingoja. Apostolis akatoka kwenye mstari, akamwambia, "Lete mkono, Mama," akaifunga leso kwenye kifundo cha mkono wake, akakaza fundo, na ngoma ikaendelea.