Kaboni Iliyozibwa Pande Tatu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililoungua mkono kwa asidi, na beseni la neli chafu, vile vichupa vyembamba vya majaribio. Mwanangu nilimbeba mgongoni. Mhudumu wa maabara ndiye anayeosha, anayepima kemikali na kuandaa meza kabla wanafunzi hawajaingia. Nilianzia shule moja Kondoa, nikahamia nyingine Ihumwa yenye kidato cha tano na sita. Huko mkuu wa shule akanipa sharti: nifaulu kemia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, la sivyo nafasi anapewa mwenye cheti.

Basi nikawa nakaa nyuma ya darasa. Mada ilikuwa mekanizimu, yaani mishale iliyopinda inayoonyesha elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi mmenyuko unapotokea. Mkuu wa idara ya kemia hakuifundisha mishale, aliiimbisha. Kila asubuhi darasa zima: mgeni aingia nyuma, bromini yatoka mbele, kaboni yageuka. Mgeni ni chembe inayokuja kushika nafasi ya bromini kwenye kaboni.

Lakini neli niliziandaa mimi, na macho ninayo. Kaboni yenye nafasi nyuma ilichelewa kuachia bromini mpaka uipashe moto. Ile iliyozibwa pande tatu na kaboni wenzake ikatoa ukungu papo hapo, ishara kwamba bromini imeshatoka. Nikauliza.

"Mwalimu, huyu mgeni anapitaje huko nyuma, na pamezibwa?"

"Anapita."

"Na mbona anawahi kuliko penye nafasi?"

"Mama Rehema, swali la kwa nini halina maksi. Imba."

Darasa likacheka. Wakaniita Mama Kwa Nini mpaka tunamaliza.

Mtihani ukauliza hilohilo: mbona iliyozibwa inawahi? Ukumbi mzima midomo ikawa inacheza kimyakimya. Tukamchora mgeni akiingia nyuma. Tukaanguka.

Siku ya kukabidhi funguo za maabara, nafasi ikienda kwa mwenye cheti, nilimkuta mwalimu wa muda, binti aliyetoka chuo juzijuzi. Nikamuuliza, basi tu.

"Dada, hapo hakuna anayeingia nyuma. Bromini inajiondokea kwanza, na wale wenzake watatu wanaituliza kaboni iliyobaki. Mgeni anakuja baadaye, pameshakuwa wazi."

Alimaliza kabla sijasuuza bika moja.

Sasa nipo Nzuguni, mstaafu ambaye mtoto wake hajaanza shule. Watu wananiambia nirudie mtihani. Nirudie kwa nani? Yule mwalimu wa kuimbisha bado yupo, na darasa lake limejaa.