Mguu wa baba ulikatwa, vidole vikaendelea kumuuma

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Haya nimeyaona nyumbani kwetu, siongezi chumvi.

Baba yangu amefanya kazi ya mgodi Kipushi miaka mingi. Mwaka jana jiwe liliponda mguu wake wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Baba mdogo akauzika makaburini, ndani ya kisanduku.

Baada ya wiki chache baba akaanza kulalamika.

"Bidole biko naniluma. Bimejikunja, mubinyoshe."

Vidole gani, na mguu haupo?

Wakuu, nilikuwa nakanda hewa. Nakaa chini, nakanda mahali pasipo na kitu, kwa sababu akiniona nakanda anatulia kidogo. Kila siku, miezi miwili.

Mama alisema tuombe. Mimi nilidhani mzee anachanganyikiwa. Siku moja nikamjibu vibaya: "Papa, haiko tena kitu pale. Acha."

Akaacha kusema. Akawa anauma blanketi.

Baba mdogo akasema vidole vimekunjwa mule kwenye kisanduku. Akachukua jembe, akaenda kufukua, akavinyoosha. Sitaeleza zaidi. Baba alilala vizuri siku mbili, halafu maumivu yakarudi.

Hospitali tukapata mama mmoja wa kufundisha mazoezi ya viungo. Yeye hakushangaa.

"Mishipa ya fahamu iliyokatwa ingali inapeleka habari kwenye ubongo," alituambia. "Na ubongo bado unajua mguu mzima. Maumivu yote yanatengenezwa huko, hata yako wewe ukijikwaa. Papa hasemi uongo."

Akaweka kioo katikati ya miguu, kikielekea ule mzima, baba akitazama kioo anaona kama ana miguu miwili. Akamwambia akunjue vidole vya mguu mzima, polepole.

Baba alitazama muda mrefu, machozi yakamtoka. "Bimefunguka," akasema.

Hajapona kabisa. Majira ya baridi anateseka, na kioo tunakishika kwa zamu. Lakini analala.

Nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Akasema, "Ulikuwa umechoka, mutoto yangu. Hata miye nilichoka."

Nilichojifunza: mtu akisema anaumwa, usidai kwanza kuona kidonda ndipo umwamini.

Kama kuna anayeuguza mtu wa namna hii, siku za baridi mnafanyaje? Andikeni hapa chini, hata kama ni neno moja.