Siku Hani Alipomuuma Shangazi

Siku ya kwanza niliyoripoti katika ofisi ya mifugo ya Amu, kisiwani Lamu, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na mama yangu, kwa kuwa nilidhani kazi ya serikali hufanywa juu ya kiti. Bwana Mifugo, ndivyo tulivyomwita daktari wa wanyama, alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alinitazama toka kofia hadi viatu, akanitupia ovaroli ya kaki.

"Vaa hii, Lali. Kuna punda amelala nyuma."

Punda alikuwa amelala kweli, mgongo umechimbika kidonda kwa sababu ya shogi, ule mfuko wa ukili unaotandikwa juu ya punda kubebea mawe na mchanga. Na kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya mapaja ya kijana wa rika langu, mweusi, mwembamba, amekaa mavumbini kana kwamba amekaa barazani kwao. Huyo alikuwa Fumo, mtu wa Faza, kisiwani Pate. Aliandikwa kazi siku moja na mimi, ila alifika mapema. Bwana Mifugo alisafisha kidonda, mimi nikashika beseni, na punda hakutikisa hata sikio.

"Huyu ana mkono," Bwana Mifugo alisema, akimwangalia Fumo.

Mkono wangu hakuutaja. Nilikuwa nimeshika beseni kwa mikono yote miwili.

Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii leo mnapewa sindano za kutupa. Sisi tulikuwa na sindano za kioo na chuma, tunazichemsha kwenye sufuria kila asubuhi, tunazipanga juu ya kitambaa safi, na ole wako uvunje moja, kwani nyingine itatoka Mombasa. Tulivuka bara, Mokowe na Hindi, kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka, maradhi yaliyoweza kumaliza zizi zima. Tulihasi madume kwa koleo kubwa linalobana mishipa bila kutoa damu. Ng'ombe akinipiga teke mimi, Fumo alikwenda akasimama ubavuni mwake, akamkuna chini ya shingo, akamsemesha maneno ya Kipate, na ng'ombe yule yule akasimama kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nilijifunza maneno yale. Nikayasema vilevile, kwa sauti ile ile. Nikapigwa teke.

Mbwa ndio waliokuwa mtihani. Amu ni mji wa waja wa Mungu, na mbwa ni najisi. Mama alihofia sala zangu, hata akanipeleka kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani. Mwalimu alisema kumtibu kiumbe mgonjwa hakuna dhambi. Aliyeguswa na ute wa mbwa aoshe mara saba, moja kwa udongo. Basi tukaweka debe la mchanga safi karibu na bomba la ofisi. Mbwa wenyewe walikuwa wa Wazungu wachache wa serikali, na kazi yetu kubwa juu yao ilikuwa kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo mtu akishaanza kuyaonyesha hana dawa, ni kuchimbiwa kaburi tu.

Mbwa aliyejulikana zaidi mjini alikuwa Hani, wa Bwana Forodha, mkubwa wa ofisi ya ushuru bandarini. Alikuwa jike, manyoya marefu ya rangi ya asali, wa ile mbegu inayofugwa na wawindaji ili ikawaokotee ndege waliowapiga. Bwana Mifugo alituambia mbwa wa namna ile hubeba yai mdomoni asilivunje. Hata wazee waliokunja kanzu zao akipita walikubali kwamba mbwa yule ana adabu.

Shangazi yangu, Bi Time, dada wa baba, alikuwa yaya katika nyumba ya Bwana Forodha. Mume wake alikwisha kufa, watoto hakujaliwa, na mimi ndiye niliyekuwa mwana kwake. Ndivyo nilivyoamini mpaka alipomjua Fumo. Fumo hakuwa na jamaa Amu, basi nilimleta kwa shangazi Ijumaa moja kula. Kufika Ijumaa ya tatu, kichwa cha samaki, kilichokuwa changu siku zote, kiliwekwa upande wake wa sinia.

Bibi wa Bwana Forodha akajifungua mtoto wa kiume. Miezi michache baadaye, asubuhi moja, shangazi alikuwa ukumbini amempakata mtoto. Hani akaja akajilaza miguuni pake kama desturi. Shangazi akanyoosha mkono kumpapasa kichwa. Hani akageuka akamuuma, akaupasua mkono toka kifundo hadi karibu na kiwiko, kisha akakimbilia chini ya meza akawa anatetemeka.

Nilipofika hospitali shangazi alikuwa amekaa wima, uso kama majivu, na mganga anauosha mkono kwa sabuni na maji mengi, maana kuosha ndiko dawa ya kwanza ya kuumwa na mbwa, kabla ya dawa yoyote. Fumo alikuwepo. Alikuwa ameshika beseni.

Siku ile ile mji ulijaa neno moja: kichaa. Watu walisimama nje ya ofisi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, wakitaka mbwa apigwe risasi. Mimi nilikuwa mbele yao, na nilisema kwa sauti kuliko wote. Bwana DC, ambaye alipenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, alikwisha kumwita askari mwenye bunduki. Bwana Mifugo akafika mbio, kofia mkononi.

"Mkimuua sasa," alisema, "itabidi kichwa chake kipelekwe Nairobi, na mama yule akae akingoja jibu. Tumemchanja, lakini chanjo si hakika. Mbwa mwenye kichaa hufa mwenyewe kwa siku chache. Mfungieni kwangu, nimwangalie. Akiishi, mama ameokoka."

"Na akifa?" aliuliza Bwana DC.

"Mama atakuwa ameshaanza sindano. Nimetuma simu. Dawa itateremka na ndege Manda."

Zilikuwa sindano za tumboni, kila siku moja, nene, za kuliza mtu mzima. Shangazi alizipokea akisoma dua kimoyomoyo. Nilimwambia, "Shangazi, mbwa yule lazima auawe."

"Msimuue," akasema. "Mimi namyua. Ungemuona mato yake alivyonitazama. Hakuwa na hasira yule. Alikuwa na jambo."

Ofisini tuliulizana jambo lenyewe. Bwana Mifugo alitaka kila mmoja aseme rai yake, na mimi nilikuwa na rai tayari. Nilisema ni wivu. Mbwa yule, nilieleza, alikuwa kipenzi cha nyumba. Ghafla ameletwa mwingine, naye anapakatwa, anaimbiwa, anapewa kitanda. Mbwa anatazama mkono uliokuwa ukimpapasa yeye, sasa unampapasa mgeni. Anavumilia siku ya kwanza, anavumilia ya pili, halali vizuri, chakula hakina ladha, mpaka siku moja mkono ule ule unamjia kwa huruma, na huruma ndiyo inayomchoma zaidi. Nilizungumza vizuri sana siku ile. Karani wetu aliacha kupiga taipu akawa ananisikiliza.

"Huenda," akasema Bwana Mifugo. "Mbwa wana wivu, nimewaona. Lakini kabla hujaingia moyoni mwa mbwa, maliza kwanza kuuchunguza mwili wake." Kisha akatoa ufunguo wa banda mfukoni. Nilinyoosha mkono. Akaupitisha ufunguo mbele yangu, akampa Fumo.

"Wewe ni jamaa wa aliyeumwa, Lali. Si vizuri. Nenda kaangalie punda."

Nikaangalia punda. Kutoka kwa punda niliweza kuona banda, na Fumo amekaa nje ya wavu, mchana kutwa, hafanyi kitu ila kutazama. Alimpelekea Hani maji na nyama kwa kusukuma kwa fimbo, hakumgusa. Alasiri, mwenzake akimpokea zamu, alikwenda kwa shangazi. Siku moja nilimpikishia shangazi mchuzi wa kuku kwa mama yangu, nikaubeba na bakuli limefunikwa vizuri, na nilipoingia nikamkuta Fumo amekaa chini kando ya kitanda chake anasoma Yasini, na shangazi amefumba macho ametulia kama mtoto.

"Weka pale, Lali," shangazi akaniambia kwa sauti ya chini, "usije ukamkatiza mwanangu."

Hani hakufa. Siku zikapita, akawa anakula, anakunywa, hatoki povu. Lakini Fumo alikwenda kwa Bwana Mifugo akamwambia, "Bwana, anakula kwa upande mmoja. Na akitikisa kichwa hulia."

Bwana Mifugo aliacha kalamu. "Upande gani?"

"Kushoto."

"Bwana Forodha amempeleka wapi karibuni?"

Nilijua jibu hilo, nikawahi kulisema: alimpeleka Manda kuwinda kanga, kwenye vichaka.

"Vizuri, Lali," akasema Bwana Mifugo, na nadhani hilo ndilo lililonifanya niende naye bandani kwa furaha.

Alimdunga Hani dawa ya usingizi. Fumo alishika kichwa, mimi nikashika miguu ya nyuma. Bwana Mifugo akainua sikio la kushoto, na harufu iliyotoka ilitufanya tugeuze nyuso. Akaingiza kibanio kirefu taratibu, akachokonoa, akavuta. Kikatoka kishikizo cha nyasi, ile punje yenye miiba inayonasa nguoni ukipita porini. Miiba yake huelekea nyuma, kwa hiyo kila mbwa akitikisa kichwa huzidi kuingia ndani. Usaha ukafuata.

"Tazameni nyote wawili," akasema Bwana Mifugo, na sauti yake haikuwa ya bosi. "Mama yule alimpapasa palepale. Mbwa mpole huvumilia maumivu muda mrefu kuliko mkali, halii, haonyeshi, watu wanasema hana neno. Siku anayouma, watu husema amebadilika. Hakubadilika. Tulichelewa kuuliza."

Sindano za shangazi zilisimamishwa. Mkono ulipona ukabaki na kovu na kidole kimoja kisichokunjika. Alirudi kazini, na Hani akarudi kulala miguuni pake. Mimi singeweza kumlaza tena miguuni mbwa aliyenipasua mkono, na nilimwambia.

"Wewe hukusanyi ila makosa," akanijibu, lakini aliniwekea chakula.

Baada ya hapo Bwana Mifugo alipata nafasi moja ya kumpeleka mtu chuo cha mifugo huko bara. Hamtahitaji kuambiwa nani alikwenda. Nilimsindikiza mpaka gatini nikambebea sanduku lake la bati, nikarudi ofisini nikachemsha sindano zote, hata zilizokuwa safi.

Mimi nilihamishiwa Kiunga, kaskazini, chini ya Bwana Mifugo wa pili, mtu mfupi aliyependa kupiga mluzi. Huko nilijifunza mengine peke yangu. Sajini wa polisi alikuwa na mbwa jike mnyenyekevu, hata kuku walimpanda mgongoni. Akamuuma mchuuzi wa samaki aliyepita karibu na ghala. Watu wakasema kichaa. Nilimfungia, nikamwangalia, kisha nikalala kifudifudi nikachungulia chini ya sakafu ya ghala: vitoto vinne, macho hayajafumbuka. Mwaka mwingine alikuwa mbwa mzee wa mhandisi wa barabara, aliyemuuma mwenyewe bwana wake. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake na hakugeuka. Alikuwa kiziwi, ameshtuliwa usingizini. Mwingine alifungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi mpaka jioni, watoto wakimrushia makombe ya chaza. Mwingine aliondolewa mfupa mdomoni na mgeni asiyemjua. Katika hao wote nimewakuta wachache sana wenye ubaya wa kuzaliwa. Na mwenye wivu, ule niliouhubiri, nimemkuta mmoja tu maishani, mbwa mdogo wa mke wa daktari. Alikuwa akimuuma mume.

Nilimwandalia Bwana Mifugo wa pili maelezo ya kesi ya sajini, nikamsimulia hatua kwa hatua. Akaacha mluzi. "Kazi safi, Lali," akasema. "Inaonekana Fumo alikufundisha vizuri."

Uhuru ulipokuja Fumo alikuwa ameshakuwa mkubwa kazini, na aliendelea kupanda. Alipita Kiunga kukagua, na gari na dereva, akanikumbatia mbele ya watu, akaniita "kaka Lali," akaomba aonyeshwe banda langu, akalisifu. Nilitamani alikosoe. Shangazi alipofariki, Fumo ndiye aliyeshuka kaburini upande wa kichwa. Mimi nilikuwa upande wa miguu.

Nimestaafu siku nyingi, nakaa Wiyoni, hapa Amu. Vijana huniuliza mbwa gani ni mpole na gani ni mkali, kana kwamba mbegu ya mbwa ni hati ya dhamana. Nawaambia mpole ni yule ambaye bado hajaumizwa pale unapomgusa, basi mwangalieni kabla ya kumgusa, na mkimkuta amenyamaza zaidi ya kawaida, mwangalieni zaidi. Wengine husikiliza. Wengine huniuliza kama nilipata kumjua Bwana Fumo wa Faza.

Alikufa mwaka jana. Nilivuka kwenda Faza kumzika, na watu walikuwa wengi hata msikiti ukajaa, na uwanja ukajaa, na waliobaki wakaswalia njiani juu ya majamvi. Walikuja wenye ng'ombe kutoka bara, walikuja wenye punda kutoka Amu, alikuja hata mkuu wa mkoa. Nikasimama penye kaburi nikiutazama umati ule, nikijiuliza wangapi watavuka maji kwa ajili yangu, na wivu ukanishika palepale, mzima, mbichi kama siku ya punda. Mzee mmoja nisiyemjua akanigusa bega, akanipa leso yake. Sikuwa nimetambua kwamba uso wangu umelowa mpaka kwenye ndevu.

"Pole, Bwana," akasema. "Alikuwa nduguyo?"

"Ndiyo," nikasema, nikasogea mbele kuchukua udongo wangu wa kumtupia kaburini.