Ng'ombe Wasiofika Joshoni

Ipo siku moja ambayo hadi leo naikumbuka, mwanangu Nkwabi, na mimi shangazi yako sijawahi kukusimulia. Jana ulinipigia simu toka Mpanda ukaniambia kesho mnakwenda Kabungu, wewe na wenzako wa chuo, kupima watoto mjue wangapi wamedumaa. Mtawapima wale watakaoletwa zahanati, ukasema. Nikakuitikia vizuri, vizuri, kumbe woga umenishika hata chai imenipoa mkononi. Ndiyo maana leo nimekupigia mwenyewe. Usikate simu, vocha ni yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha mifugo, na maringo yangu, we acha tu! Somo la takwimu ndilo lililonilevya. Nilikuwa nimeelewa kwamba huna haja ya kumpima kila ng'ombe. Unachukua sampuli, kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, kisha unapiga hesabu ya mpaka wa chini na mpaka wa juu, unasema ukweli uko humu katikati. Niliona kama nimepewa ufunguo wa dunia.

Likizo ya kiangazi nikarudi kwetu Kasansa. Kisima chetu kilikuwa kinakauka. Baba yangu, yaani babu yako, alikuwa hawapeleki ng'ombe wetu kunywa lamboni, lile bwawa la mifugo, pamoja na wa wengine, kwa sababu kulikuwa na fununu za homa ya mapafu. Ng'ombe akishaipata anakohoa, anakonda, anakufa, na anamwambukiza mwenzake kwa pumzi tu. Mama yangu alikuwa na uvimbe tumboni, anasubiri kupasuliwa. Ng'ombe wakipata maji wakanenepa kidogo, wangeuzwa kadhaa apelekwe hospitali. Hatukuwa na kingine cha kuuza.

Baba akaniita. "Wewe si ndiyo unasoma? Niambie ng'ombe wa wenzetu wanaumwa au hawaumwi. Nikikosea hapa, mama yako ndiyo basi."

Nikaenda joshoni siku ya kuogesha, ng'ombe wa kata nzima wanapitishwa kwenye dawa ya kupe. Kila wa kumi aliyetoka nilimsimamisha, nikampima joto, nikasikiliza pumzi. Sikuchagua kwa macho, wala sikumruka yule mwenye pembe kali. Nikafika mia moja. Watano tu walikuwa na dalili. Jioni nikapiga hesabu: katika kila ng'ombe mia wa eneo lile, wagonjwa hawapungui mmoja, hawazidi tisa. "Nina uhakika asilimia tisini na tano," nikamwambia baba, kifua mbele. Baba hajui kusoma, lakini aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Akasema kama ni wachache hivyo, kiu itatumalizia wengi zaidi.

Asubuhi kaka yangu Kulwa, baba yako huyo, akawatoa ng'ombe kwenda lamboni. Mimi nikabaki namnywesha uji babu yangu, guku kama tunavyomwita kwa Kisukuma. Macho yake yalikuwa yameshakufa, ila masikio hayakupitwa na kitu.

"Hao ng'ombe wako walifikaje joshoni?" akaniuliza.

"Kwa miguu, guku."

"Na asiyeweza kutembea?"

Nikacheka. "Si anabaki nyumbani!" Halafu nikasikia nilichokisema. Kikombe kikanitoka mkononi, uji wote ukamwagika.

"Umesoma mpaka umesahau kwenu?" akasema guku. "Nani hapa anamtoa mgonjwa watu wamwone?"

Na mimi nilijua, mwanangu! Kwetu ng'ombe mgonjwa anafichwa nyuma ya nyumba. Zizi likishasemwa vibaya, hakuna atakayepokea ng'ombe wako kwa mahari wala atakayekubali kukutunzia. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumbebea majani ndama aliyefichwa hivyo hivyo, nikaonywa nisifungue mdomo. Nilijua tangu utotoni, na sikukumbuka kuuliza.

Nilidandia baiskeli. Nakanyaga huku naomba Mungu wawe hawajafika. Walikuwa wamefika. Walikuwa majini katikati ya wengine, pua kwa pua, na Kulwa amekaa kivulini anapiga mluzi. Nikapiga yowe hadi wachungaji wakadhani nimefiwa.

Baba hakunipiga, afadhali angenipiga. Aliwatenga ng'ombe wetu, akanituma nikarudie kazi, safari hii kaya kwa kaya, kwa kura. Guku alitangulia na fimbo yake kuwaomba watu wafungue nyua zao za nyuma. Nikapima mia nyingine. Mpaka wa chini ukawa ishirini, wa juu thelathini na nane. Umesikia, Nkwabi? Mpaka wa chini wa pili ulikuwa mbali juu ya mpaka wa juu wa kwanza. Na ile hesabu yangu ya kwanza, ukiikagua leo, huoni kosa.

Halafu tukaanza kusubiri. Kila alfajiri nilisimama zizini nimebana pumzi, nasikiliza. Wiki ya tano nikasikia kikohozi. Kimoja tu, kikavu. Nikakaa chini kwenye samadi nikalia. Mnada ukafungwa kwa ajili ya ugonjwa, na mvua zilipoanza tulikuwa tumebaki na ng'ombe kumi na mmoja, mbavu nje, wasiouzika. Mama hakupasuliwa. Ndiyo maana bibi yako humjui, mwanangu, na ukiuliza watu wanabadilisha mazungumzo.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo asilimia tisini na tano inasema hivi: ukirudia zoezi mara nyingi kwa haki, mipaka yako itaukamata ukweli karibu kila mara. Inazungumzia bahati ya kuchagua. Haijui lolote kuhusu mtoto ambaye mama yake anaona aibu kumleta zahanati, wala yule aliyelala ndani hawezi kubebwa. Kabla hujaandika namba ya kwanza, uliza nani hakuja, na kwa nini. Chukua orodha ya kaya zote, pigeni kura, muende kwa miguu mpaka mlango wa mwisho. Mkubwa wako akisema hakuna muda, mwambie shangazi yangu amekataa. Na ukishapata majibu, endelea kuyaogopa kidogo. Mimi naogopa mpaka leo.

Haya, nenda baba. Mungu akupe miguu isiyochoka na adabu mbele za watu, wakufungulie hata mlango wanaoufunga kwa wengine. Na mtoto aliyefichwa Kabungu, Mungu akufikishe kwake angali hai.